Mwana wa Nyoka ni Nyoka?

(Mazungumzo ya asubuhi katika redio. Somo: Ezekieli 18:1-4 na Mathayo 20:1-7)

Nawasalimu ninyi mlio nyumbani, nanyi mlio njiani kwenda kazini, nanyi pia ambao leo mtakwenda tena kutoka mlango hadi mlango, bahasha ya vyeti mkononi, mkitafuta kazi. Mazungumzo yetu ya leo yahusu kazi. Nataka tufikiri pamoja juu ya jambo moja ambalo haifai mwajiri amwulize mtu anayetafuta kazi kwake, wala amtafutie kwa siri.

Tunayo methali isemayo, mwana wa nyoka ni nyoka. Mara nyingi methali hii hutumiwa na mtu anayetaka kumkataa mwenzake bila kumpa nafasi. Kijana amekuja kuomba kazi ya ukarani. Amevaa vizuri, vyeti vyake ni safi. Lakini mmoja ndani ya ofisi anong'ona, "Huyu baba yake nilimjua." Basi, mambo yamekwisha. Hakuna aliyemwuliza kijana kama anajua hesabu. Amehukumiwa kwa ajili ya mtu mwingine.

Wana wa Israeli nao, walipokuwa uhamishoni, walikuwa na methali yao. Walisema juu ya zabibu chachu, kwamba baba ndiye anayezila, lakini meno yanayopata shida ni ya mtoto. Mungu akamtuma nabii Ezekieli awaambie wasiitumie tena methali hiyo, kwa sababu kila nafsi ni mali yake Mungu, ya baba na ya mwana pia, na kila mtu atajibu kwa matendo yake mwenyewe.

Ni kweli kwamba nabii alikuwa akisema juu ya dhambi, wala si juu ya magonjwa. Magonjwa mengine kweli hurithiwa, na Biblia haikatai jambo hilo. Lakini shikeni neno hili, maana ndilo la leo: ugonjwa waweza kurithiwa, bali hukumu isirithiwe.

Kwa nini nalileta jambo hili leo? Ni kwa sababu wakati wetu huu umepata njia mpya ya kunong'ona, "Baba yake nilimjua." Siku hizi si lazima mtu awe amemjua baba. Tone la damu latosha, au mate kidogo.

Wataalamu wametuonyesha kwamba ndani ya chembe za miili yetu mna mfano wa maandishi madogo mno, ambayo kila mmoja wetu aliyapokea nusu kwa baba na nusu kwa mama. Maandishi hayo huitwa jeni, na kila binadamu anazo kama 20,000. Ndizo zinazosaidia kuamua rangi ya macho, na aina ya damu, na mengine mengi. Nyingine zina kosa ndani yake, kama neno lililoandikwa vibaya, na kosa hilo laweza kuleta ugonjwa. Katika maabara zilizo na vyombo vya kutosha, kosa hilo laweza kusomwa hata kabla ugonjwa haujaonekana, na wakati mwingine hata kama hautaonekana kamwe.

Ndugu zangu, elimu hii si mbaya. Tumshukuru Mungu kwa ajili yake. Mtoto mchanga akijulikana mapema kwamba ana ugonjwa wa selimundu, ule unaozipinda chembe nyekundu za damu mfano wa mundu, aweza kuanzishiwa dawa ya kumkinga na maambukizo kabla hayajamwua. Mama ambaye kwao saratani ya matiti imewaua wengi aweza kushauriwa na daktari namna ya kujilinda. Karatasi ile ya maabara ikiwa mkononi mwa daktari mwema, ni taa.

Lakini tuulize: karatasi hiyo hiyo ikiwekwa mezani pa mwajiri, itakuwa nini? Daktari aisoma apate kumtibu mtu. Mwajiri aisoma apate kumchagua mtu, au kumwacha. Nitawaeleza mambo matatu yaliyotokea, nanyi mtapima wenyewe.

La kwanza lilitokea Marekani, katika kampuni kubwa ya reli iitwayo Burlington Northern Santa Fe. Baadhi ya wafanyakazi wake walipatwa na maumivu ya vifundo vya mikono, vidole vikawa vinakufa ganzi. Wakasema maumivu hayo yametokana na kazi, wakadai haki zao. Kampuni ikawataka wengine wao watoe damu. Hawakuambiwa kwamba ndani ya damu ile itatafutwa alama ya ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha mishipa ya fahamu. Mmoja alipokataa kutoa damu, alitishiwa kwamba angepoteza kazi. Mwezi wa Februari, 2001, tume ya serikali inayosimamia haki sawa kazini iliipeleka kampuni hiyo mahakamani. Kampuni ikakubali kuacha upimaji ule, na mwaka 2002 ikakubali kulipa dola milioni 2.2 kwa wafanyakazi 36.

Angalieni vizuri jambo hili. Mikono ya watu inauma. Palikuwa na njia mbili za kufuata. Njia ya kwanza ni kwenda kutazama kazi yenyewe: vyombo wanavyoshika, na saa wanazofanya, na mapumziko wanayopewa. Njia ya pili ni kutafuta kosa ndani ya damu ya mtu, ili ipatikane kusema, "Si kazi yetu iliyokuumiza. Ni wazazi wako." Hilo ndilo jaribu linalomjia kila mwajiri aliye na elimu hii mkononi. Ni rahisi zaidi kumbadilisha mfanyakazi kuliko kuibadilisha mashine. Lakini wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima.

Jambo la pili lilitokea Ujerumani, katika jimbo la Hesse, mwaka 2003. Mwalimu mmoja, bado kijana, aliomba kuandikwa katika utumishi wa serikali. Daktari alimpima akamwona mzima. Lakini katika kuulizwa habari za jamaa yake, alisema kweli kwamba baba yake ana ugonjwa wa Huntington. Huo ni ugonjwa mzito wa ubongo, ambao mara nyingi huanza mtu akiwa katikati ya umri wake, na kila mtoto wa mgonjwa ana nafasi nusu kwa nusu ya kuurithi. Mwalimu yule hakukubali kupimwa jeni, na nafasi ile akanyimwa. Akaenda mahakamani katika mji wa Darmstadt, na mwaka 2004 akashinda. Baadaye, mwaka 2009, Ujerumani ilipitisha sheria inayomkataza mwajiri kumtaka mtu apimwe jeni au kuyatumia majibu ya kipimo cha namna hiyo.

Mwalimu huyu alikuwa mzima. Watoto darasani wangefundishwa na mtu mzima. Aliponzwa na kitu gani? Aliponzwa na ugonjwa wa baba yake, na kwa kusema kweli alipoulizwa. Huoni kwamba ni zile zabibu chachu tena?

Tena kuna hatari nyingine ndani yake. Watu wakijua kwamba kusema kweli kwa daktari kutawanyima kazi, watamficha daktari. Binti aliyefiwa na mama yake kwa saratani ataogopa kwenda kupimwa, asije akaandikwa katika faili ambayo siku moja itafika ofisini. Atakufa kwa ugonjwa ambao ungaliweza kuzuiwa. Basi mwajiri anayepekua damu hamdhuru yule mmoja tu aliyemkataa. Awatisha wengi hata wasiende hospitali.

Jambo la tatu latuhusu sisi wa Afrika kwa karibu zaidi, kwa kuwa ni habari ya selimundu. Mtu aliyerithi alama ya selimundu kwa mzazi mmoja tu, kwa kawaida haugui ugonjwa wenyewe. Hubeba alama tu. Baba na mama wote wawili wakiwa wameibeba, ndipo kila mtoto wao ana nafasi moja katika nne ya kuwa mgonjwa. Kubeba alama ni jambo moja, na kuugua ni jambo lingine kabisa.

Lakini huko Marekani, ambako wengi wenye alama hiyo ni watu weusi, mambo hayo mawili yalichanganywa. Mpaka mwaka 1981 chuo cha maofisa wa jeshi la anga kilikuwa kikiwakataa vijana waliobeba alama hiyo, hata wakiwa na nguvu na afya. Na katika maabara ya Lawrence Berkeley, huko California, wafanyakazi weusi walikuja kugundua kwamba damu waliyoitoa walipopimwa afya ilitazamwa selimundu bila wao kujua. Walishtaki, na mwaka 1998 mahakama ya rufani iliamua kwamba wana haki ya kusikilizwa, kwa maana mambo ya afya ya mtu na urithi wa mwili wake ni miongoni mwa siri zake kubwa kabisa.

Sasa sikilizeni ajabu ya Mungu. Mwaka 1949 msomi kijana aitwaye Anthony Allison, aliyekulia hapa Kenya, alizipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi yetu. Akaona kwamba pwani na kandokando ya Ziwa Victoria waliobeba alama ya selimundu ni wengi, bali katika nyanda za juu zenye baridi ni wachache. Akajiuliza sababu. Mwaka 1954 akaandika kwamba wenye kubeba alama hiyo kwa upande mmoja wanakingwa na malaria kali. Pale penye mbu wengi, alama ile ilikuwa ngao. Watoto wengi wa mababu zetu waliishi kwa ajili yake.

Basi, yule karani wa ofisi ya mbali aliyeiona alama hiyo katika karatasi akaandika "huyu ana kasoro," alikuwa akiiita ngao ya watu kasoro. Hakujua anasoma nini. Na hata wataalamu wenyewe wanakiri kwamba jeni nyingi husema "labda," wala hazisemi "hakika." Labda ataugua. Labda hataugua. Labda ataugua akiwa mzee wa miaka sabini, amekwisha kustaafu na kula pensheni yake. Je, ni haki kumnyima mtu chakula cha leo kwa ajili ya labda ya kesho?

Labda mwajiri mmoja ananisikiliza sasa, naye anasema moyoni, "Mchungaji, wewe huna biashara. Mimi nina magari, nina mashine, ninalipa bima ya matibabu. Nikimwandika mtu atakayeugua, nitaanguka. Na dereva wa basi akizimia njiani, nani atajibu kwa roho za abiria?"

Ni swali la haki, ndugu, wala silidharau. Juu ya dereva nasema, mpime. Mpime macho yake, mpime moyo wake, mwone kama aweza kuendesha salama leo, na mwakani umpime tena. Hiyo ni kupima kazi na uwezo, na abiria wana haki ya kudai hivyo. Lakini ukiacha macho yake ukaenda kuulizia babu yake alikufa kwa nini, hapo umeacha kuwalinda abiria, umeanza kubahatisha. Na juu ya bima nasema hivi: maana yake ya asili ni kuchukuliana mizigo, walio wengi kumsaidia aliyepatwa. Kama kila mtu atachujwa kwa damu yake kabla ya kuingia, hatutakuwa tumechukuliana mizigo. Tutakuwa tumemwacha mwenye mzigo njiani. Tena kumbuka, mwajiri, ya kwamba nawe unazo jeni. Hakuna mtu chini ya jua asiye na kosa mahali fulani katika maandishi yake. Kama wewe ungalichujwa kwa kipimo hicho, nani angalikupa kiti hicho unachokalia?

Kuna jambo linaloruhusiwa. Ikiwa kazi yenyewe ina sumu au vumbi linaloweza kumdhuru zaidi mtu wa aina fulani, aambiwe, na akitaka mwenyewe apimwe na daktari, na majibu apewe yeye. Siri ya mtungi aijuaye kata. Mwenye mtungi ndiye atakayeamua amweleze nani. Na kwanza kabisa vumbi lenyewe lipunguzwe.

Sisi Wakenya tumekwisha kupita njia inayofanana na hii. Tunakumbuka siku ambazo watu waliogopa kupimwa afya kwa ajili ya kazi, kwa hofu kwamba damu yao ingetazamwa Ukimwi. Sheria iliyopitishwa mwaka 2006 ilikataza kumlazimisha mtu apimwe Ukimwi ili apate kazi. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 27, inakataza ubaguzi kwa ajili ya hali ya afya au asili ya mtu, na kifungu cha 31 kinalinda siri za mtu na za jamaa yake. Na sheria ya mwaka 2019 ya kulinda habari za watu imezitaja habari za jeni miongoni mwa zile zinazohitaji ulinzi mkubwa. Marekani nao, mwaka 2008, walipitisha sheria inayomkataza mwajiri kutumia habari za jeni katika kuandika na kufukuza watu, hata kuuliza magonjwa ya wazazi, ingawa sheria hiyo haiwagusi waajiri wenye wafanyakazi chini ya 15.

Sheria hizo ni njema. Lakini sheria haiingii ndani ya mnong'ono. Sheria yaweza kumkataza mtu kuandika sababu, lakini haiwezi kumzuia asiwe nayo moyoni. Na kwetu twajua mnong'ono huo kwa jina lingine. Kabla hatujawa na maabara za jeni, tulikuwa tumekwisha kuwapima watu damu kwa majina yao. "Huyu jina lake ni la wapi? Ah, ni wa kule." Faili ikafungwa. Anayemkataa mtu kwa kabila lake na anayemkataa kwa jeni zake wanafanya kosa moja. Wote wawili wamemwadhibu mtu kwa jambo ambalo hakulichagua, na ambalo hawezi kulitubu wala kuliacha.

Sasa tufungue Mathayo sura ya ishirini. Bwana wetu alisimulia habari za mwenye shamba la mizabibu aliyetoka alfajiri kuajiri wafanyakazi. Akatoka tena saa tatu, na saa sita, na saa tisa. Hata saa kumi na moja jioni akakuta wengine wamesimama tu. Alipowauliza sababu, walijibu kwamba hakuna mtu aliyewaajiri. Fikirini juu ya watu wale wa saa kumi na moja. Kwa nini hakuna aliyewataka tangu asubuhi? Pengine walionekana dhaifu. Pengine mtu alinong'ona juu ya baba zao. Hatuambiwi. Tunaloambiwa ni kwamba mwenye shamba hakuwauliza habari za ukoo wao. Aliwatuma shambani, na jioni hakuna aliyekwenda nyumbani bila mshahara wa siku.

Basi nina neno kwa kila mmoja wetu.

Wewe mwajiri, uliza mambo matatu: je, mtu huyu aijua kazi, je, aiweza leo, na je, ni mwaminifu? Mengine mwachie Mungu na daktari wake.

Wewe daktari au muuguzi unayewapima watu kwa ajili ya kampuni, mweleze mtu ni nini kinachotafutwa katika damu yake kabla hujaingiza sindano. Mpelekee mwajiri jibu moja tu, aweza kazi au haiwezi. Mengine ni amana mkononi mwako.

Wewe mfanyakazi, usiogope kuuliza kwa adabu: damu hii inapimwa nini, nani atakayeona majibu, nayo yatawekwa wapi? Kuuliza si utovu wa nidhamu. Tena kumbuka kwamba damu yako si yako peke yako. Atakayeisoma atasoma pia habari za ndugu yako na za mtoto wako.

Na sisi wa kanisa tusijifanye watazamaji. Kanisa lina shule, lina hospitali, lina ofisi. Nasi ni waajiri. Tusimame mbele ya Mungu tukiulizana jinsi tunavyoandika watu.

Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, walimwuliza Yesu kama ni yeye aliyekosa au ni wazazi wake. Yesu alikataa swali lenyewe. Hakutafuta wa kulaumiwa. Alimtazama yule mtu, akampaka tope machoni, kisha akamtuma aende akanawe. Watu waliona ukoo wenye laana, Yeye akaona mtu anayeweza kutumwa.

Tuombe. Ee Mungu wetu, wewe ulituumba, nawe wajua yaliyoandikwa ndani yetu kabla hatujazaliwa. Twakuomba kwa ajili ya wote watakaobisha mlango wa kazi leo. Wape watu watakaowatazama usoni. Walainishe mioyo wenye kuandika na wenye kufukuza, wasimhukumu mwana kwa ajili ya baba. Wape waganga wetu uaminifu wa kutunza siri. Nasi utusamehe kwa minong'ono yetu. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Wasikilizaji wapenzi, nendeni kazini kwa amani. Mungu awabariki.